Sufuria yenye vitufe kumi na vinne



Wapendwa, juma hili tunaingia jikoni. Swali limetufikia mara nyingi tangu Pasaka: kutoka kwa akina mama wa jumuiya, kutoka kwa wanandoa vijana wanaopanga vyombo vya nyumba, hata kutoka kwa baba mmoja aliyetuvuta kando baada ya kikao cha kamati ya ujenzi. Je, ile sufuria ya presha ya umeme, inayosifiwa kwamba inapika kila kitu, inafaa kununuliwa, au ni fedha za kutupa? Yupo atakayeshangaa padre kuulizwa jambo hilo. Sisi hatukushangaa. Fedha zinazozungumzwa ni za kuvunja kibubu, na mara nyingi ni zamu ya mama katika upatu, iliyongojewa miezi kadhaa. Mwenye busara hatamwuliza muuzaji peke yake.

Jibu letu tulitoe mapema. Sufuria hiyo inafaa kwa nyumba nyingi za parokia hii, ila kwa sababu tofauti na zile zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Boksi husema nini? Tulilolisoma sisi lilihesabu kazi kumi na nne: wali, maharagwe, nyama, supu, uji, keki, mtindi, kukaanga, kupasha, kutunza joto, na kadhalika. Ukikifungua chombo chenyewe utakuta kipasha joto kimoja, kifaa cha kupima joto, kingine cha kupima presha, na saa. Kitufe cha maharagwe na kitufe cha nyama vinatofautiana kwa dakika tu. Anayelipa nyongeza kubwa ili apate vitufe kumi na vinne badala ya sita amenunua maandishi. Nyumbani kwa mapadre tunayo moja tangu mwaka 2022, na mpishi wetu, mwanamke makini asiyependa kudanganywa na vitu, hutumia vitufe viwili: kile cha maharagwe na kile cha kukaangia kitunguu.

Lakini hicho kimoja cha maharagwe! Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo penye kiini cha jambo. Mfaransa Denis Papin alibuni sufuria ya namna hii akiwa London mwaka 1679, ili kulainisha mifupa. Alitambua kwamba mvuke ukifungiwa, maji huweza kupita kiwango chao cha kawaida cha kuchemka, na chakula kikaiva upesi. Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Sisi tunaoishi hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo. Hata ukichochea moto mpaka sufuria ya kawaida iungue, maji hayatapanda zaidi, yatakauka tu. Ndiyo maana binti aliyeolewa huku kutoka Tanga hulalamika kwamba maharagwe yetu ni magumu kama changarawe. Maharagwe hayana kosa. Sufuria iliyofungwa, kwa upande wake, hupandisha joto kupita nyuzi 110 hata katika miinuko hii. Kwa hiyo watu wa milimani hunufaika na chombo hiki kuliko watu wa Dar es Salaam, ingawa matangazo yote yanatoka huko.

Mpishi wetu alipima mwenyewe, kwa kusoma mita ya Luku kabla na baada. Nusu kilo ya maharagwe yasiyolowekwa, lita moja na nusu ya maji: saa moja na robo tangu kuwasha hadi kufungua kifuniko, na umeme usiofika nusu uniti. Kwenye mkaa kazi hiyohiyo ilikuwa ikichukua saa tatu, na mtu wa kuongeza maji akiwa karibu muda wote.

Sasa hesabu. Kwa viwango vya umeme vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hulipa Sh 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikijumlishwa inakuwa kama Sh 356. Nusu uniti basi ni Sh 178. Tuchukulie kwamba mkaa wa kuivisha maharagwe hayo ni Sh 1,500. Kila mmoja abadilishe tarakimu hii kwa bei ya kopo la sokoni kwake. Umeokoa Sh 1,322. Familia inayochemsha maharagwe mara tatu kwa wiki inaokoa karibu Sh 4,000 kwa wiki, na sufuria ya Sh 180,000 itakuwa imejilipa katika miezi kumi na nusu hivi. Familia inayochemsha mara moja kwa wiki itangoja zaidi ya miaka miwili na nusu. Mnaona basi kwamba hakuna jibu moja kwa wote. Kabla ya kuuliza sufuria inafanya kazi ngapi, hesabu ni mara ngapi kwa wiki unabandika maharagwe, makande, utumbo, makongoro au kuku wa kienyeji. Ukipata mara tatu au zaidi, nunua. Ukila zaidi wali, mboga za majani na ugali, fedha zako zina mahali pengine pa kwenda.

Na ugali tuuseme wazi, kwa sababu wauzaji hujifanya hawajasikia swali. Ugali hausongwi humo kwa raha. Sufuria ya ndani huzunguka pamoja na mwiko, na aliyejaribu kuishikilia kwa kitambaa anajua tunachosema. Chapati hazimo, samaki wa kukaanga hawamo. Jiko la pili litabaki nyumbani, iwe ni la gesi au la mkaa, na anayeuza kwa kusema utaaga mkaa siku hiyohiyo anatia chumvi.

Walio katika tarifa ya matumizi madogo, ile ya Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wanauliza kama sufuria itawatoa humo. Mipaka yake ni uniti 75 kwa mwezi. Maharagwe mara tatu kwa wiki ni uniti sita au saba kwa mwezi. Mwenye kutumia 50 hana la kuhofia. Mwenye kutumia 72 atavuka, na kila uniti ya ziada itamgharimu Sh 350 kabla ya kodi na tozo. Angalieni matumizi yenu ya miezi mitatu iliyopita. Ni kazi ya dakika tano.

Kuna jambo linalotuuma zaidi ya hesabu hizi. Sufuria hizi sasa zinauzwa kwa mkopo mlangoni, na baadhi ya wakopeshaji ni wale mnaowaita wenyewe kausha damu. Tuliona karatasi moja: Sh 5,000 kwa wiki, majuma 52. Jumla ni Sh 260,000 kwa chombo kinachopatikana dukani kwa Sh 180,000. Mwaka mzima mama huyo atalipa kila wiki zaidi ya anachookoa kwenye mkaa, na wiki atakayokosa, watakuja kuchukua sufuria, au godoro. Kwa mkopo wa namna hiyo tunasema hapana, bila kuzungukazunguka, hata kama chombo ni kizuri. Wekeni Sh 4,000 kwa wiki katika akiba ya jumuiya. Ndani ya miezi kumi na moja mtakuwa na bei ya duka mkononi na hamna mdai mlangoni.

Serikali nayo imeingia jikoni. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, na mtu aliyepita jikoni kwa mama anayekohoa asubuhi na jioni hahitaji kushawishiwa. Umeme pia umetulia kuliko ule wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023. Hata hivyo, mkakati hauwalipii watu sufuria, na umeme bado hukatika. Ukikatika maharagwe yakiwa ndani, usikimbilie kulazimisha kifuniko; presha ingalimo. Acheni itoke kwa kidude chake, kisha mmalizie kwenye jiko lingine.

Mambo mawili ya usalama, maana tumeona yakipuuzwa. La kwanza, maharagwe yanafura na kutoa povu, hivyo yeye na maji yake visipite nusu ya sufuria. Povu likiziba tundu la mvuke, ndipo hatari inapoanza. La pili ni kitufe cha kupika polepole. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemka kwelikweli, angalau dakika kumi. Mpiko wa polepole hukaa chini ya kiwango cha kuchemka, yaweza kulainisha harage bila kuondoa sumu hiyo, na nyumba nzima ikatapika usiku. Kitufe hicho kiachieni nyama.

Ulizeni pia mpira wa kifuniko. Huo ndio huchoka kwanza, na sufuria bila mpira wake ni ndoo ghali. Duka lisiloweza kukuonyesha mpira wa akiba wa aina hiyohiyo, pita. Si neno jina la kampuni. Instant Pot, iliyoanza kuuzwa Kanada mwaka 2010 na kulifanya sokoni wazo hili kuwa maarufu duniani, ilikuwa ya kampuni ambayo Juni 2023 iliomba ulinzi wa mahakama huko Marekani dhidi ya wadai wake. Sufuria zake ziliendelea kupika.

Akina baba, neno nanyi. Tunapobariki nyumba huona juu ya kabati za vyombo maboksi yasiyofunguliwa: blenda ya kicheni pati, mashine ya kukamua juisi, jiko la keki. Vingi vilinunuliwa na asiyepika kwa ajili ya anayepika, bila kumwuliza. Ukitaka kumfurahisha mkeo kwa sufuria hii, keti naye kwanza umsikilize anavyopanga siku yake. Tunajua akina mama wa Misa ya pili wanaotoka kabla ya matangazo. Zamani tulidhani ni matangazo yetu marefu (na ni marefu, tumeambiwa). Sasa tunajua kwamba wengi wameacha maharagwe jikoni na mtoto wa miaka tisa kama mlinzi wa moto. Saa hizo tatu karibu na moto haziingii katika hesabu ya mkaa, kwa kuwa hakuna anayemlipa mama kwa saa zake. Sisi tungeziweka za kwanza.

Viongozi wa WAWATA wametukubalia kuleta sufuria mbili ukumbini Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, moja ya vitufe sita na moja ya kumi na vinne, ili watu waone kwa macho. Hakuna kitakachouzwa na muuzaji hakualikwa. Mwenye kutaka kujaribu aje na nusu kilo ya maharagwe yake, ya aina anayoipika nyumbani, makavu, yasiyolowekwa. Mita ya ukumbi itasomwa mbele ya wote.