Mcheza Kwao Hutunzwa, na Aliyemfundisha Je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema lolote juu ya yule aliyemfundisha kucheza. Hiyo ndiyo kasoro tunayopenda kuizungumza leo, na ili mtu yeyote wa hapa asidhani kuwa anasemwa yeye, tutaitazama kwanza nchi ya mbali. Nchi hiyo ni Bulgaria, ambako katika umri wa mtu mmoja mwalimu wa ngoma za asili aliinuliwa kutoka hali ya mtu asiyejulikana hadi daraja ya uprofesa.

Ngoma ya asili ya Wabulgaria huitwa horo. Watu hushikana mikono, wakafanya mstari uliopinda mfano wa hilali, na kiongozi akatangulia. Katika vijiji vya zamani ngoma hiyo haikuwa na darasa. Mtoto alijishika mwishoni mwa mstari, akaiga miguu ya wakubwa mpaka ngoma ikamwingia. Wala si ngoma nyepesi. Ile iitwayo rachenitsa ina mapigo 7, yaani mawili, mawili na matatu. Kopanitsa ina mapigo 11, na mgeni asiyeizoea hujikwaa kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Kadhalika kila jimbo lina mwendo wake. Watu wa Thrace hucheza kwa uzito, miguu ikiwa karibu na ardhi, hali Washopi wa kandokando ya Sofia huenda upesi na kutikisa mabega.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa vijijini walikwenda mijini kutafuta kazi za viwandani, na mstari ule wa hilali ukaanza kukatika. Mwaka 1951 dola ya Bulgaria iliunda kikundi cha taifa cha nyimbo na ngoma. Kiongozi wake alikuwa mtunzi wa muziki Philip Koutev (1903–1982), na upande wa ngoma ukakabidhiwa kwa Margarita Dikova. Kazi ya bibi huyo haikuwa na mfano katika kijiji. Ngoma iliyochezwa alasiri nzima ilibidi itimie kwa dakika chache. Duara ambalo wachezaji wake walitazamana wenyewe kwa wenyewe ilibidi lifunguliwe likabili watazamaji. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi wa ngoma za jukwaani, na ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya miguu.

Lakini kikundi kimoja hakitoshi kuihifadhi ngoma ya taifa zima. Kinachohitajika ni walimu, na walimu hawapatikani bila ya elimu iliyopangwa. Hapa ndipo tunapomkuta Kiril Dzhenev. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Kiril Haralampiev walitoa kitabu juu ya muundo wa miondoko katika ngoma za asili za Kibulgaria. Waliichambua kila hatua kama mwanachuoni wa nahau anavyochambua kitenzi: mguu wafanya nini, goti lapinda vipi, uzito wa mwili waelekea wapi. Kwa njia hiyo mwalimu wa pwani ya Bahari Nyeusi na mwalimu wa milima ya kusini waliweza kufahamiana bila ya kuonana. Baadaye Dzhenev alikuwa miongoni mwa walioijenga elimu ya juu ya ngoma za asili katika mji wa Plovdiv, na miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha Trakia, kilichoundwa mjini humo mwaka 1974.

Matokeo yake ni kwamba kijana aliyependa ngoma aliona njia mbele yake. Aliweza kuingia skuli, akapata nafasi katika kikundi cha taifa au cha mkoa, kisha, miguu ilipochoka, akawa mwalimu mwenye cheti na mshahara. Wengi walifundisha katika zile nyumba ziitwazo chitalishte, maana yake nyumba za kusomea, ambazo wananchi wa Bulgaria walianza kuzifungua tangu mwaka 1856 na ambazo ndizo maktaba, ukumbi na darasa la ngoma la kijiji. Mwalimu wa ngoma akawa mtu wa kazi, sawa na mwalimu wa hesabu.

Hayo ni mema, nasi twayasifu. Lakini si haki kusifu upande mmoja tu wa sarafu.

Kwanza, jukwaa lina njaa kubwa. Ngoma iliyonyooshwa na kupambwa kwa ajili ya watazamaji yaweza kumfanya mwanakijiji aione ile ya kwake kuwa mbovu, akaketi chini na kupiga makofi. Wabulgaria wenyewe waliliona jambo hilo. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa kitabu cha Dzhenev, walianza mkutano mkubwa wa ngoma na nyimbo katika mji mdogo wa Koprivshtitsa. Wanaotakiwa huko ni wanavijiji wenyewe, wazee kwa vijana, wakicheza walivyorithi. Mkutano huo ulipangwa kufanyika kila baada ya miaka mitano, na mwaka 2016 UNESCO iliuweka katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Pili, na hili ni zito zaidi, mwenye kulipa mshahara huweza kujipa haki ya kusema ngoma ipi ni ya taifa na ipi si ya taifa. Baina ya mwaka 1984 na 1985 dola hiyo hiyo ya Bulgaria iliwalazimisha Waislamu wa asili ya Kituruki kuacha majina yao na kuchukua ya Kibulgaria. Lugha yao ilikatazwa hadharani. Muziki uliohesabiwa kuwa wa Kituruki ulifukuzwa, hata zurna, ala iliyo ndugu na zumari yetu, ikatiwa kufuli. Katika mwaka 1989 watu zaidi ya 300,000 waliihama nchi na kukimbilia Uturuki. Utawala uliofanya hayo ulianguka mwaka huo huo, na haki ya majina ikarejeshwa. Lakini hapana profesa wala jukwaa liwezalo kulipa deni la namna hiyo. Utamaduni unaohifadhiwa kwa kuufuta wa jirani si utamaduni uliohifadhiwa.

Baada ya mwaka 1989 fedha za dola zilipungua na vikundi vingi vilidhoofika. Hata hivyo, elimu haikufa pamoja na fedha. Walimu waliokwisha kufunzwa walifungua madarasa ya jioni, na watu wa mjini, makarani kwa wauguzi, wakaja baada ya kazi kushikana mikono. Wengine waliitwa kufundisha Marekani, Japani na Ulaya Magharibi. Mshahara ulipokatika, ujuzi ulibaki.

Sasa turejee kwetu. Tunayo msewe, tunayo kyaso, tunayo kibati, na nyingine nyingi ambazo kila shehia yazijua zake. Siku ya sherehe gari hupelekwa shamba, wachezaji huletwa uwanjani, wageni hupiga picha, kisha gari huwarejesha. Je, ni nani aliyewafundisha? Ana umri gani? Akifariki kesho, nani atakayejua hatua ya pili baada ya ile ya kwanza? Tukiyauliza hayo katika ofisi zinazohusika, tutapewa orodha ya vikundi. Orodha ya walimu haitapatikana.

Kwa hiyo twatoa nasaha tatu. Mwalimu wa ngoma atambuliwe kuwa mtu wa kazi, alipwe kwa siku anazofundisha na si kwa siku ya sherehe peke yake. Hatua, mapigo na majina yake yaandikwe sasa, kwa maneno ya wenyewe wanaocheza, maadamu wazee wapo. Na ofisi isijifanye kadhi wa kuamua ngoma ipi ni ya Visiwa na ipi ni ya wageni, kwani pwani yetu imejengwa na wengi.

Kwa wananchi wenzetu twasema vilevile: msikae kungoja Wizara. Chitalishte za kwanza zilifunguliwa na wananchi wakati Bulgaria ilikuwa bado haina dola yake. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa mzee wa ngoma jioni moja kwa juma hahitaji waraka wa serikali, na mzee huyo akipewa heshima yake hatakataa kumshika mtoto mkono.