Lushoto Tunayoonyeshwa na Vuga Tunayoipita

Ziara ya siku moja ina siasa yake. Mwenye siku moja hana budi kuchagua, na mara nyingi huchaguliwa: dereva anajua pa kusimama, mwongozaji anajua pa kunyoosha kidole, na ifikapo saa kumi jioni gari linageuza. Kilichoachwa nje ya ratiba hakionekani kuwa kimeachwa; huonekana kama hakipo. Jambo hili limekuwa likinikera tangu nilipopanda Lushoto hivi karibuni pamoja na kundi la wanafunzi, na naona lina uzito unaozidi mambo ya matembezi.

Wanaoifahamu njia hiyo wanajua uzuri wake. Kutoka Mombo barabara inapanda kilometa thelathini na ushei, ukuta wa mlima mkono mmoja na korongo mkono wa pili, unapita Soni penye maporomoko ya maji, kisha unaingia mji uliotulia katika kimo cha takriban mita 1,400, wenye miti mikubwa, majengo ya zamani na baridi inayomfanya mtu wa pwani ajutie kuacha sweta nyumbani. Baadaye watu hupelekwa Irente, kwenye ukingo wa jabali, kuitazama nyika iliyotandaa chini. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari. Alitueleza kuwa mji huu uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari Wilhelm wa Pili, na kwamba Wajerumani waliupenda kwa sababu hali yake ya hewa iliwakumbusha kwao. Hakusema uongo hata mmoja. Ila katika maelezo yake yote kiima cha sentensi kilikuwa Mjerumani: Mjerumani alijenga, Mjerumani alipanda miti, Mjerumani alipumzika. Msambaa hakuwa hata yambwa.

Simlaumu kijana yule. Alisema alichofundishwa, na watalii wengi hawaulizi zaidi. Lakini hata hiyo historia ya Wajerumani imepunguzwa chumvi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wenye mashamba Usambara walikuwa wakilalamikia uhaba wa vibarua. Mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmstal ukaanzisha utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Mji wa mapumziko, basi, ndio uliokuwa makao makuu ya wilaya iliyohesabu siku za jasho la watu mmoja mmoja. Mtu anaweza kuzipiga picha nyumba zile kuanzia asubuhi hadi jioni bila kulijua hilo.

Kubwa zaidi ni tulilolipita njiani. Si mbali na Soni iko Vuga. Wengi wa rika langu tunalijua jina hilo kwa sababu ya kiwanda cha uchapaji cha Walutheri kilichochapa vitabu vingi. Wachache wanajua kwamba Vuga ilikuwa makao makuu ya dola. Hapo ndipo walipotawala Wakilindi, ukoo wa Mbegha, mwindaji anayesimuliwa kuwa alitoka Nguu akawapa Wasambaa nyama ya nguruwe mwitu na kuwaamulia mashauri yao, hata wakamtawaza. Mtawala aliitwa Simba Mwene. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 1862, na mkono wake ulifika mpaka mwambao. Mmisionari Krapf alipanda kwenda kwake mwaka 1848, akarudi tena 1852, kwa sababu bila idhini ya Vuga hapakuwa na njia. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa machifu wa sehemu mbalimbali, akapokea kodi, akasikiliza rufaa. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya atautambua muundo huo bila kuelezwa.

Na ulikuwa na nadharia yake. Wasambaa walisema mtawala mwema ana kazi ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mvua inyeshe, njaa ikome, watu waelewane. Kinyume chake ni kubana shi. Miaka ya 1950, serikali ya Waingereza ilipowalazimisha wakulima kuchimba matuta chini ya mpango wa hifadhi ya udongo ulioanzia Mlalo, na machifu wakatumiwa kuusimamia, mabishano ya watu na machifu wao yalikwenda kwa lugha hiyohiyo: anayetawala anaiponya nchi au anaiumiza? Wanafunzi wangu wa sayansi ya siasa wanaweza kuzitaja nadharia za uhalali wa dola zilizoandikwa Ulaya. Hii hawajawahi kuisikia.

Najua yupo atakayeniambia kuwa nataka kuwapamba machifu. La. Historia ya Vuga ina machungu yake. Baada ya Kimweri kufa, vita vya urithi viliivunja nchi. Semboja, mwanawe aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alipata nguvu kwa bunduki, na watu waliuzwa utumwani. Wabondei waliasi, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi katika machafuko yanayokumbukwa kwa jina la Kiva. Anayeisimulia Vuga sharti ayasimulie na hayo. Dola iliyokuwa na sheria, fitina, wasomi na waasi ni historia ya watu wazima, nasi tunastahili kuisikia yote.

Kwa nini basi inatupita? Sehemu ya jibu imo katika Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo na kazi nyingine za mikono ya watu zilizokuwepo kabla ya mwaka 1863. Za baadaye hungoja tangazo la waziri. Kwa tarehe, Kimweri amewahi kwa mwaka mmoja. Kwa vifaa vya ujenzi ameshindwa. Waliojenga kwa matumbawe, kama huko Kilwa na Kaole, wametuachia kuta za kuzungushia uzio. Vuga ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi katikati ya migomba, nayo iliteketezwa katika vita vile vya urithi. Mkaguzi anayetafuta ukuta hataona kitu. Mjerumani alijenga kwa mawe, akabaki.

Lakini mahali si kuta tu, na nyaraka tunazo. Abdallah bin Hemedi aliandika *Habari za Wakilindi*, kwa Kiswahili, zaidi ya karne moja iliyopita. Ni mtu gani atakayenishawishi kwamba halmashauri inayotafuta mapato ya utalii haina uwezo wa kukichapa upya kitabu hicho, kuwapa waongozaji wake mafunzo ya wiki moja, na kusimamisha kibao njia panda? Gharama yake haifikii semina moja ya hotelini. Na kibao cha pili kiwekwe Lushoto mjini, kieleze habari za kadi za mwaka 1907.

Hadi hayo yatendeke, msafiri anaweza kuibadili ratiba mwenyewe. Mwambie dereva ashike njia ya Vuga kabla ya kupanda Lushoto. Ukifika, waulize wazee, kwa adabu na bila haraka, uwaachie muda wa kukuuliza nawe umetoka wapi. Irente iache kwa alasiri, jua likiwa limelegea. Wanafunzi wa mwaka wa pili watakaokwenda muhula ujao wataondoka saa kumi na moja alfajiri, na kila mmoja atatakiwa awe amekwisha kumsoma Abdallah bin Hemedi kabla ya kupanda basi.