Jumba Tumeliiga, Njia Tumeisahau

Mwezi wa Agosti mwaka jana tulimzika shangazi yangu katika milima ya Taita. Gari lililobeba jeneza lilikomea mwisho wa barabara, juu ya kijiji, kama yanavyokomea magari yote, na vijana wakalitwaa jeneza mabegani tayari kuteremka kwa njia ile ile ambayo marehemu aliipanda na kuishuka kwa zaidi ya miaka sabini. Hatukwenda hata hatua mia mbili. Mbele yetu ulisimama ua wa seng'enge, na ndani ya ua huo nyumba ya wageni iliyopakwa rangi nyeupe, yenye bustani ya waridi na roshani inayotazama bonde zima. Bango lililokuwa langoni liliwaalika watu waje kupumzika na kutembea katika mandhari ya kupendeza. Bawabu alikuwa kijana mwenye adabu. "Poleni sana wazee wangu," akasema, "lakini mwenye mahali amesema hapa hapapitwi."

Tukageuka. Tulizunguka kwa barabara ya magari mwendo wa kilomita tatu hivi, vijana wakipokezana jeneza na akina mama wakiimba, ilhali njia ya asili ingalitufikisha nyumbani kwa dakika kumi.

Msomaji atanisamehe iwapo, baada ya machozi kukauka, kilichonikaa moyoni zaidi ya ule ua ni neno moja la bango lile: kutembea. Ni ugonjwa wa kazi yangu. Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachobeba mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Kutembea ni kwenda kwa miguu. Kutembea pia ni kuzuru. Mtu akisema alikwenda kutembea kwa mjomba wake, hakuna amwulizaye kama alikwenda kwa miguu au kwa matatu, kwa sababu ndani ya neno lenyewe mna wazo kwamba anayekwenda atapokewa. Utalii ni neno jingine kabisa. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya kutazama na kuchunguza. Mtalii ni mtu wa macho. Mtembezi ni mtu wa miguu na wa salamu. Mwenye bango alitaka kuuza matembezi, kumbe alichokuwa nacho cha kuuza ni kutazama tu, maana matembezi yenyewe alikuwa ameyafungia nje ya ua wake.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuuona mfano ambao bila shaka mwenye nyumba ile, au aliyemshauri, alikuwa akiuiga. Mwaka 2018 nilikuwa katika mji wa Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, kwa shughuli za kitaaluma. Mwishoni mwa juma mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu, alinichukua hadi eneo la maziwa na milima liitwalo Lake District, ambalo lilikuwa limetiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka uliotangulia. Mlima mrefu kuliko yote nchini humo, Scafell Pike, uko huko, nao una mita 978 tu. Mtu wa Taita, ambaye Vuria yake inapita mita 2,000, ana haki ya kutabasamu kidogo.

Tulianzia kijiji cha Ambleside tukaelekea Grasmere. Njia tuliyoifuata huitwa njia ya majeneza. Zamani, kabla vijiji vya upande huu havijawa na makaburi yao, maiti walibebwa kwa njia hiyo hadi kanisa la Mtakatifu Oswald huko Grasmere, na hadi leo kando yake pana jiwe bapa ambalo wabebaji waliliwekea jeneza ili wapumue. Si mbali na mwanzo wake njia hiyo hupita katika uwanja wa jumba kubwa, Rydal Hall, lililokuwa makao ya ukoo wa le Fleming, wamiliki wa ardhi wa tangu jadi. Siku hizi jumba lenyewe ni mali ya dayosisi ya Kanisa la Kiingereza, na hupokea wageni wa kulala na wa mafungo.

Nilipoliona lango nikasita. Nimelelewa katika nchi ambamo mtu mweusi, na kwa kweli mtu yeyote asiye na gari, akiona lango la namna hiyo huanza kujitayarisha kujieleza. Mwenyeji wangu akanionyesha kibao kidogo chenye mshale na maneno mawili yenye maana ya njia ya umma. "Hii si yao," akaniambia, kisha akaendelea na mazungumzo yetu kuhusu viambishi kana kwamba hapakuwa na jambo la kustaajabisha. Tukapita karibu na madirisha ya jumba. Bibi mmoja aliyekuwa akinywa chai akatupungia mkono.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa maana mambo haya hayakushuka kutoka mbinguni. Majumba makubwa ya mashambani ya Uingereza yalijengwa na watu waliomiliki karibu kila kitu yalichokitazama. Baada ya vita viwili vikuu, kodi za urithi zilipanda, watumishi wakaenda kutafuta kazi bora, na wenyewe wakashindwa kuyatunza. Mamia yalibomolewa, hata mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London likafanya maonyesho mahususi ya kuyaomboleza. Mengine yaligeuzwa shule, mengine hospitali, na mengine yakawa hoteli. Huko Lake District, kando ya ziwa Ullswater, Francis Coulson alifungua Sharrow Bay mwishoni mwa miaka ya 1940, nayo hutajwa kuwa mama wa hoteli zote za aina hiyo: vyumba vichache, moto wa kuni sebuleni, chakula kingi, na mgeni kuishi kana kwamba amealikwa na jamaa mwenye nafasi. Asubuhi hupewa chakula chake cha mchana kimefungwa vizuri, akaenda milimani. Jioni hurudi na viatu vyenye matope, akavianika mahali palipotengwa kwa viatu.

Sitaki kumpamba mtu. Katika ziwa Windermere lipo jumba la Storrs Hall, ambalo katika zama zetu ni hoteli ya fahari. Aliyelikuza mwanzoni mwa karne ya 19 ni John Bolton, mfanyabiashara wa Liverpool aliyetajirika kwa biashara ya watumwa wa Kiafrika. Anayekunywa chai barazani pale anakunywa juu ya mifupa ya watu, na afadhali alijue hilo.

Lakini jambo ninalotaka kulisisitiza ni hili: hoteli zile huuza kitanda, maji ya moto na chakula cha jioni. Mlima haziuzi, kwa kuwa si wao. Tajiri aliyelala Storrs Hall na mwanafunzi aliyelala katika bweni la chama cha mabweni ya vijana, kilichoanzishwa mwaka 1930 ili kuwapa vijana malazi ya bei nafuu, asubuhi hukutana kwenye njia ile ile wakaamkiana. Mkulima ambaye njia imekatiza malisho yake hujenga vidaraja vya mawe ukutani ili mtu apande na kondoo washindwe, na mkewe huweka meza akauza chai. Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma kama hizo. Hizo ndizo zinazoilisha hoteli. Zikifungwa leo, jumba litabaki na waridi wake.

Wala wenye ardhi hawakuzitoa kwa ukarimu. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana mia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, katika Derbyshire, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa mabwana. Waliongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka huo huo Bunge lao lilipitisha sheria kwamba njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa ichukuliwe kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe vinginevyo. Mwaka 1949 ikaja sheria kubwa ya hifadhi za taifa, ambayo fauka ya hayo iliyaamuru mabaraza ya kaunti yachore ramani za kila njia. Viongozi wa vijiji walitumwa kuuliza wazee, wakazitembea njia moja moja, wakaandika. Ikishaingia katika ramani hiyo, njia haifi hata shamba liuzwe mara kumi. Na mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Mtukufu wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mwenye mlima ule, alisimama hadharani akaomba radhi.

Mwaka 1932, msomaji, je, sisi tulikuwa wapi? Huko Nyeri, ndio mwaka ilipojengwa Treetops, hoteli ya juu ya mti, tawi la Outspan. Ndio mwaka ilipoteuliwa Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, ambayo ripoti yake ilikuja kuihalalisha mipaka ya ardhi waliyojitwalia walowezi. Mwafrika mwanamume hakuweza kutoka kwao bila kipande kuning'inia shingoni. Kwa ufupi, wakati mfanyakazi wa Manchester alipokuwa akifungwa kwa kudai kutembea, babu zetu walikuwa wakifungwa kwa kutembea tu. Tulirithi majumba ya walowezi, tukayageuza hoteli, tukarithi na ule ua. Uhuru ulibadilisha jina lililo kwenye hati, haukuuliza njia ilikuwa inapita wapi.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba kwetu pana nyati na tembo. Ni kweli, na sitamshauri mtu yeyote atembee peke yake katika msitu wa Aberdare kwa kuwa amesoma makala yangu. Lakini mlima wa shangazi yangu hauna nyati. Nitaambiwa pia kwamba Mwafrika hutembea kwa shida, si kwa raha, na kwamba kwenda kwa miguu ni alama ya ufukara. Anayesema hivyo na aende Karura siku ya Jumapili. Msitu ule, ambao mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kwa kuutetea usinyakuliwe, na ambao kwa miaka mingi wakaazi wa Nairobi waliuogopa kwa sababu ya majambazi, siku hizi hujaa familia zinazotembea kwa furaha, tena hulipa kiingilio. Raha ya kutembea tunayo. Tulichonyimwa ni pa kutembelea.

Hoja nzito ni ya tatu: usalama, na udogo wa mashamba. Mtu mwenye robo ekari hawezi kufurahia kila mpita njia apite mlangoni pake. Nalikubali hilo, na ndiyo maana sidai kila mahali pawe wazi. Nadai njia zilizokuwepo ziandikwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imelitambua jambo hili: inaruhusu serikali ya kaunti, chama, au kundi lolote la watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itambue njia ya jamii. Huhitaji Bunge jipya. Unahitaji mtu wa kuwauliza wazee, na afisa wa kupokea karatasi.

Na wazee ndio hao wanaondoka. Kwa miaka mingi nimezunguka vijijini nikikusanya msamiati wa Kidawida kabla haujapotea, na kila njia niliyopita ilikuwa na jina: ya kisima, ya mnada, ya kwenda fighi, yaani ule msitu mtakatifu wa ukoo. Nikayaandika majina kwa uangalifu wote wa kitaaluma, nikaweka alama za toni, nikachapisha. Haikunipitikia hata siku moja kuchora mahali njia zenyewe zilipopita. Sasa ninayo majina ya njia ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzipita.

Siku ya tatu baada ya maziko niliketi na baba mdogo, mwenye umri wa miaka 81, nikamwomba azitaje zote za kijiji chetu. Alitaja kumi na saba, akizionyesha kwa fimbo yake kutoka uani. Nne bado zinapitika. Safari hii nilizichora. Nilipomwonyesha ile iliyofungwa na nyumba ya wageni, alinisahihisha: haikupita pale nilipoichora, ilipita kushoto zaidi, chini ya mkuyu, mahali ambapo leo pana meza za wageni kulia kifungua kinywa. Nimepeleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti, ikiwa na sahihi za watu 46. Wameipiga muhuri.