Mchango wa mwaka huu uende kwenye nauli

Kila Machi tukikutana kwa Siku ya Wanawake, sisi wana-Dagoretti wa ughaibuni husikiliza hotuba kuhusu Umoja wa Mataifa, kisha tunachanga. Hatuna ubaya na hotuba. Nairobi yenyewe ilipokea dunia nzima Julai 1985, kwenye mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, Margaret Kenyatta akiwa mwenyekiti. FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, kilizaliwa mwaka huohuo, na ofisi yake iko Lavington, mwendo mfupi tu kutoka Kawangware.

Lakini mama wa mtaa wa Gatina aliyebakwa usiku haanzii Geneva, kwenye kamati za Umoja wa Mataifa. Anaanzia hospitalini, kabla saa 72 hazijapita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki huvunda na ushahidi ukaharibika. Kisha aende kituo cha polisi, apewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari, arudi kwa daktari ijazwe, airudishe kwa polisi. Kila safari ni nauli, ni siku nzima bila biashara, ni mtoto wa kuachiwa jirani. Akichoka njiani, kesi imekufa kabla hakimu hajaisikia.

Kenya iliridhia CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 1984, na Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inaufanya kuwa sehemu ya sheria zetu. Hata hivyo serikali haijaridhia Itifaki ya Hiari ya CEDAW, ambayo ingemwezesha mwanamke aliyekosa haki katika korti za nyumbani kupeleka malalamiko yake mwenyewe kwa kamati ya mkataba huo. Kilichobaki ni ripoti za mashirika, zinazowasilishwa kamati hiyo inapoihoji Kenya, kama ilivyofanya Novemba 2017. Ripoti hizo nazo hujengwa kwa majalada ya mashinani. P3 ikipotea, Geneva haina la kusoma.

Waliovumilia wapo. Mwaka 2013 waathiriwa 8 wa ukatili wa kingono, uliotokea wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007, waliishtaki serikali. Walikuwa pamoja na COVAW, muungano wa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na mashirika mengine, likiwemo Physicians for Human Rights la Marekani. Uamuzi ulitoka Desemba 10, 2020: Mahakama Kuu iliwapa 4 kati yao fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Miaka saba ya kwenda kortini na kurudi! Nani angeimaliza peke yake?

Kwa hivyo jarida hili linaomba mambo mawili. Mchango wa mwaka huu usilipie ukumbi wala fulana. Ulipe nauli na chakula cha wanawake wa Dagoretti wanaofuatilia kesi, kupitia mashirika yanayowasindikiza kortini. Pili, kila mwanachama amwandikie mbunge wa kwao, Dagoretti Kaskazini au Kusini, amuulize Itifaki ya Hiari itaridhiwa lini.

Na ukipigiwa simu usiku na dada au binti aliye nyumbani, mwambie aende hospitali kwanza, ahifadhi nguo, apige 1195, nambari ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Simu hiyo ni ya bure.