Chanjo ya wasichana imeponzwa na jina lake

Kuna jina moja ambalo limekuwa likinishughulisha tangu Oktoba 2019, serikali ilipoanza kuwachanja wasichana wa umri wa miaka 10 nchini kote. Jina lenyewe ni "chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa uzazi". Msomi atalisoma na kupita. Lakini litamke sokoni penye kelele, kisha umuulize mama aliyekusikia amebaki na nini. Aghalabu atakuwa na maneno mawili: kuzuia na uzazi. Na maneno hayo yamezoeana kwa miaka mingi katika Kiswahili cha zahanati. Yakikutana, mtu huwaza vidonge na sindano za kupanga uzazi.

Sidai kwamba jina hilo ndilo lililozaa uvumi kuwa chanjo hii huwafanya wasichana kuwa tasa. Uvumi huo una mizizi ya kale zaidi. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa imetiwa kitu cha kuzuia mimba, madai ambayo serikali na Shirika la Afya Duniani waliyakanusha. Mwaka 2019 madaktari wa Kikatoliki nao waliipinga chanjo hii mpya. Ninalosema ni kwamba uvumi ulipofika mlangoni, lugha ya kampeni ilikuwa imekwisha kuufungulia.

Hasara yake si ndogo. Saratani hii inakadiriwa kuwaua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka nchini Kenya, ilhali ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo chake kinajulikana barabara. Harald zur Hausen, mtafiti Mjerumani, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua kwamba husababishwa na virusi vya papiloma. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Isitoshe, utafiti uliofanywa papa hapa, Kisumu, Thika na Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja iliwakinga wasichana dhidi ya aina hizo mbili kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Dawa ipo, na sehemu ya ushahidi wake imetoka kwa binti zetu wenyewe.

Neno la pili linalonikera ni virusi. Kwa karibu miaka 40 sasa, Mkenya anaposema "fulani ana virusi" haulizwi ni virusi gani. Siku hizi mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe ipimwe HPV, hatua njema mno kwa mwanamke aliye mbali na hospitali au anayeona haya kuvua nguo mbele ya mhudumu. Lakini majibu yakija huambiwa nini? "Umepatikana na virusi." Jamaa yangu mmoja aliambiwa hivyo, tena kwenye ujia wa zahanati, akalia siku mbili kabla ya muuguzi mwingine kumfafanulia. Hakuelezwa kwamba maambukizi mengi ya aina hii huondolewa na mwili wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi, wala kwamba saratani huchukua miaka mingi kukomaa na kwamba madoa ya awali hutibika. Ni wangapi waliojibiwa hivyo wakakosa kurudi? Na anayeishi na virusi vya ukimwi, ambaye hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya wengine, humwelewa vipi anayemwambia ana "virusi" kwa mara ya pili?

Tanzania wana istilahi "shingo ya kizazi". Mimi naipendelea, kwani inaonyesha mahali hasa penye ugonjwa. Hata neno la Kilatini ambalo madaktari hulitumia maana yake ni shingo. Lakini istilahi si jambo kubwa kuliko kitenzi. Kuzuia hutanguliza kizuizi. Kukinga na kulinda hutanguliza kile kinacholindwa. Ukisema "chanjo ya kulinda kizazi kisipatwe na saratani", kiungo ni kile kile, lakini sasa kiko upande wetu.

Najua neno jema halimlipii mtu nauli ya kutoka manyatta hadi zahanati, wala halijazi jokofu lisilo na chanjo. Najua pia kwamba msichana asiyesoma hasikii tangazo la shuleni, na kwamba shule zilifungwa Machi 2020, miezi mitano tu baada ya mpango kuanza. Hayo ni ya wizara na kaunti kujibu. Lakini barua ya mzazi wa msichana wa Gredi ya Nne huandikwa na mwalimu, mara nyingi dakika chache kabla ya kengele, kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye bango. Mwalimu huyo ana uhuru wa kuandika: "Binti yako atapewa chanjo ya kulinda kizazi chake dhidi ya saratani. Haitamzuia kupata watoto." Hiyo sentensi ya pili sijaiona kwenye bango lolote.