Mazimwi Yetu Hayana Anwani

Nina ugomvi na makundi mawili, na yote ni ya kwetu. Kundi la kwanza ni la wakubwa wetu wanaoamini kwamba kijana akishika padi ya gemu, kalamu imemtoka mkononi moja kwa moja. Kundi la pili ni la vijana wenzangu, wale tunaopeana miswada na kukosoana, ambao wamecheza gemu za kuwinda mazimwi mpaka vidole vikaota sugu, kisha wakija kuandika wanatuletea joka linalotema moto katika msitu usio na jina, mbele ya shujaa asiye na mama. Wakubwa wanasema gemu imewaharibu vijana. Mimi nakataa. Hawa hawajaharibiwa na gemu. Hawajaelewa hata somo lake la kwanza.

Nasema haya nikiwa mtu wa Nandagala, wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Huko kwetu mtu akisikia neno mnyama hacheki. Nitafika huko. Kwanza gemu yenyewe, maana wapo wasomaji ambao hawajaiona.

Gemu ninayoisema ni Monster Hunter. Kampuni ya Capcom ya Japani iliitoa kwa mara ya kwanza Machi 2004, kwa mashine za PlayStation 2. Yamefuata matoleo mengi: World ya 2018, Rise ya 2021, Wilds ya Februari 2025. Katika vibanda vyetu vya gemu hutaikuta kirahisi. Huko mpira ndio mfalme, na mwenye kibanda hana muda na mchezo ambao mtu mmoja anaweza kukaa nusu saa nzima akimfuata mnyama mmoja. Wengi tumeijua kwa kompyuta ya rafiki au kwa mashine ya kaka aliyerudi mjini na vijisenti.

Mgeni wa gemu hii huanza vilevile. Anachagua panga kubwa kuliko kimo chake, anamkimbilia mnyama, anapiga, anapigwa, anazirai. Wanakuja paka, wanamtupa kwenye mkokoteni na kumrudisha kambini. Anatoka tena mbio, anazirai tena. Kwa kawaida ukizirai mara ya tatu kazi imevunjika na mnyama anaendelea na maisha yake. Hapo wengi hutupa padi na kusema gemu yenyewe noma.

Mzoefu akimfundisha mgeni humwambia mambo mengine kabisa. Chukua silaha nyepesi. Katika matoleo ya karibuni ziko aina 14, lakini upanga mfupi na ngao vinakutosha, maana unaweza kunywa dawa bila kurudisha upanga alani. Kula kabla hujatoka kambini. Noa silaha, kwa sababu inafifia makali kila ukipiga. Halafu, na hili ndilo kubwa, usianze kumpiga. Mtazame. Anakunywa maji wapi? Analala wapi? Anakula nini, na nani anamla yeye? Kabla hajaruka anafanya ishara gani? Akichoka, mate yanamdondoka. Akizidiwa, anachechemea kurudi kwenye tundu lake. Mnyama yule ana ramani yake na ratiba yake. Ukizijua, kisu kinakutosha. Usipozijua, hata ubebe panga la chuma cha mbinguni, paka watakubeba tu.

Sasa nijibuni, wakubwa zangu. Huo ni uvivu? Kumtazama kiumbe mpaka ukajua atageukia wapi ndiyo kazi tunayoambiwa na kila mwalimu wa fasihi. Tofauti ni kwamba mwalimu husema mara moja na kufuta ubao, na gemu hukuzirisha mpaka ukubali.

Na nyie washikaji, nijibuni pia. Mmekaa na gemu hii miezi, mmeondoka na nini? Mmeondoka na magamba, moto na panga. Mmebeba ngozi mkaacha nyama. Joka lenu halili, halinywi, halina msimu wala jino bovu. Linatokea ukurasa wa tatu kwa sababu hadithi inataka vita, linakufa ukurasa wa saba kwa sababu karatasi zimekwisha. Hilo si zimwi, ni sanamu la kupigia mawe.

Tazameni kilichokuwa kinatendeka huku. Aprili 2004, mwezi mmoja baada ya gemu ile kutoka Japani, kule Rufiji aliuawa simba ambaye watu walimpa jina la Osama. Anahesabiwa kuua watu wasiopungua 35 katika miezi 20 hivi. Walipomchunguza walikuta gego lake limepasuka, na chini yake pana jipu. Zimwi lililofungia vijiji ndani usiku lilikuwa linaumwa jino. Nani kati yetu angethubutu kubuni hilo? Tungempa macho ya moto na sauti ya radi. Jino lisingetujia.

Mwaka uliofuata, 2005, Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha hesabu katika jarida la Nature: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Sehemu kubwa ya maafa hayo ilikuwa ukanda wetu wa kusini, Lindi ikiwamo. Na sababu yake? Si laana wala hasira ya porini. Ni nguruwe pori. Nguruwe huingia shambani mazao yanapokaribia kuvunwa. Mkulima hana budi kulala shambani, kwenye dungu au kibanda cha nyasi, apige debe amfukuze. Simba naye, pale ambapo wanyama wengine wameadimika, anamfuata nguruwe. Anafika shambani, anamkuta mtu. Ndiyo maana miezi ya mavuno ndiyo miezi ya vilio.

Mwaka 2011 Packer na wenzake walirudi na jambo jingine: mwezi. Hatari kubwa haiko usiku wa mbalamwezi. Iko siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kutoka na giza likatangulia, watu wakiwa bado nje, magharibi mpaka kama saa nne usiku. Simba amelala njaa siku za mwanga, maana windo lilimwona. Sasa giza limempa nafasi.

Nguruwe, mavuno, dungu, mwezi unaochelewa. Hiyo ndiyo anwani ya zimwi letu: mahali, msimu, saa, sababu. Mtoto wa Nandagala aliyekulia kwenye mahindi, ufuta na mbaazi anajua nusu ya hayo bila kusoma Nature. Anajua dungu linavyoyumba mtu akigeuka. Anajua harufu ya moshi wa kibatari na sauti ya debe lililotoboka. Lakini mtoto huyohuyo akifika Dar es Salaam na kununua daftari la kuandikia hadithi, anaandika juu ya ngome ya mawe na theluji. Theluji! Wapi Ruangwa na theluji?

Kuna wanaonijibu kwamba fasihi ni ubunifu, kwamba nataka kuwafunga kwenye ripoti za maofisa wanyamapori. Hapana bwana. Andikeni mazimwi, majini, majoka yenye vichwa saba, bibi zetu wametupa hayo yote bure. Lakini hata zimwi la bibi lilikuwa na anwani. Lilikaa ng'ambo ya mto fulani, lilikuja mama akiwa ameenda kuchota maji, lilibadili sauti ili mtoto afungue mlango. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nawageuzia: zimwi usilolijua huwezi hata kulisimulia likasikika.

Wengine wananijibu kwa ukali zaidi, na hawa nawaheshimu. Wanasema si adabu kuweka gemu na marehemu kwenye sentensi moja. Ni kweli kwamba kwenye gemu mwindaji anafufuka kwa mkokoteni wa paka, na aliyechukuliwa dunguni harudi. Kwenye gemu ukimuua mnyama unapata ngozi na mifupa ya kutengenezea vazi jipya. Huku, kanuni za serikali za mwaka 2011 zilipanga kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Jina lenyewe, kifuta machozi, lina hadithi nzima ndani yake, ya mama anayepanga foleni na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi. Kwa sababu tofauti hiyo ni kubwa kiasi hicho, anayechukua kutoka kwenye gemu vita peke yake amechukua kitu cha uongo kuliko vyote. Hadithi ya simba wa kweli yaweza kuwa na shujaa asiyeshika silaha: aliyejenga dungu refu zaidi, aliyechimba choo karibu na nyumba, aliyewakataza watoto kutoka jioni ile kwa sababu alihesabu siku za mwezi.

Na msidhani hili ni suala la ladha tu. Zimwi lisilo na anwani hupewa anwani ya jirani. Ng'ambo ya Ruvuma, wilaya ya Muidumbe, Msumbiji, simba waliua watu wengi mwaka 2002 na 2003. Uvumi ukaenea kwamba si simba wa porini, ni simba wa kutengenezwa, wa kutumwa. Watu waliotuhumiwa kuwatuma waliuawa na wenzao wa kijiji kimoja. Singida ya miaka ya 1940 ilikuwa na kisa chake cha simba-watu, kilichofika mahakamani na kwenye kitanzi. Pale ambapo hakuna aliyesimulia habari za nguruwe na mwezi, atasimuliwa kikongwe mwenye macho mekundu. Kila hadithi ya zimwi lisilo na sababu inayochapwa na kijana wa mjini inamzoeza msomaji kutouliza sababu. Mkono wetu umo.

Septemba 2023 ilitoka Monster Hunter Now, ya simu. Gemu hiyo huchukua ramani ya mahali uliposimama na kupanga wanyama wake juu ya mitaa hiyohiyo unayopita. Unatembea, unakutana nao. Yaani mtengenezaji gemu wa mbali ameona faida ya kumweka zimwi mtaani kwako. Wewe mwandishi, mwenye mtaa, umeona aibu kuliweka kijijini kwenu. Eti ushamba. Ushamba ni kuona haya ya mahali unapopajua, ukajifanya mwenyeji wa mahali usipopajua.

Basi kwa anayetaka kuanza, gemu au hadithi, maelekezo ni mamoja. Usibebe panga kubwa: achana na vita vya falme tano, anza na shamba moja, usiku mmoja, watu wawili. Kula kabla hujatoka: soma, uliza, kaa na mzee aliyewahi kulinda shamba, msikilize bila kumkatiza. Noa silaha, yaani rudia sentensi, maana nazo hufifia makali. Mtazame mnyama kabla hujamgusa. Ukizirai mara ya kwanza, rudi kambini ujiulize ulipigwa na nini. Usirudi kwa njia ileile. Na usiende peke yako ikiwa unaweza kwenda na wenzako. Gemu ile inaruhusu wawindaji wanne, na mswada nao unataka macho zaidi ya mawili.

Miaka hii ya karibuni, mazungumzo ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni ya tembo. Wanaingia mashambani, wanalala na mazao ya mwaka mzima. Tembo naye ana njia zake, msimu wake, na sababu zake. Hadithi yake inangoja mtu wa kuitazama. Atakayetuletea muswada wenye tembo aliyejulikana anapotoka, anapokwenda na kilichomfanya apite kwa bibi fulani na si kwa mwingine, nitausoma usiku huohuo. Atakayetuletea joka lingine la theluji, asinune akirudishiwa.