Mkato si Pumzi

Kuna kauli moja iliyozoeleka katika ofisi zetu, nayo husemwa kwa kujiamini kana kwamba ni hekima iliyorithiwa kwa wahenga: "Maadamu nimeeleweka, nukta na mikato si kitu." Husemwa na karani, husemwa na meneja, na aghalabu husemwa hata na mwalimu aliyechoka kusahihisha. Makala haya yameandikwa kuipinga kauli hiyo. Sisemi juu ya uakifishaji wa Kiswahili, ambao una maradhi yake na siku yake itafika. Nasema juu ya Kiingereza kile kinachoandikwa kila siku visiwani na mwambao mzima: barua za ajira, mikataba ya kupangisha nyumba, matangazo ya hoteli, na zile karatasi zinazobandikwa ukutani kuamua nani atalipwa na nani hatalipwa.

Maradhi haya yana chanzo, nacho ni somo tulilofunzwa utotoni kwamba mkato ni mahali pa kuvutia pumzi. Wengine huuita kipumuo. Jina ni zuri, lakini kwa Kiingereza linapotosha. Msemaji wa Kiswahili akishamtaja mkubwa kwa cheo chake kirefu hupumua kidogo kabla ya kusema mkubwa huyo kafanya nini. Basi akiandika Kiingereza naye hutia mkato papo hapo: "The General Manager, informs all staff." Kwa sikio lake ametua tu. Kwa sheria ya Kiingereza amemtenga mtendaji na kitendo chake, kama aliyempandisha nahodha chomboni kisha akamkatia kamba ya usukani.

Ni kweli kwamba zamani nukta zilikuwa za pumzi. Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliweka nukta za vimo vitatu ili msomaji wa sauti ajue atue kidogo, atue zaidi, au atue kabisa. Lakini baada ya kuja uchapaji, na watu kuzoea kusoma kwa jicho bila ya kutamka, Kiingereza kilihama taratibu kutoka katika pumzi kwenda katika muundo wa sentensi. Leo mkato wa Kiingereza humwambia msomaji lipi limefungamana na lipi, na lipi limekaa kando. Anayeutia kwa kufuata pumzi anasafiri kwa ramani ya bahari nyengine.

Na sisi wa pwani si wageni wa jambo hili. Neno lenyewe, kuakifisha, ni ndugu wa wakfu, kusimama. Mtoto aliyepita chuoni ameziona alama ndogo juu ya mistari ya msahafu: mim inayomwamuru asimame, lam-alif inayomkataza kusimama. Mwalimu wake hakumuuliza kama pumzi imekwisha. Alimuuliza kama maana imekwisha. Pumzi ikimwishia mahali pasipostahili, hurudi nyuma akaanza tena, kwa sababu kutua pasipo pake kunaweza kuligeuza neno. Iweje basi mtu aliyelelewa katika adabu hiyo, akikaa mbele ya kompyuta ya ofisi, aseme kwamba kituo si kitu?

Nitoe mfano. Niliwahi kuletewa nifasiri tangazo la mwajiri mmoja, lenye sentensi hii: "Employees, who were absent on Friday, will not be paid." Ondoa mikato miwili, maana yake ni kwamba wale wafanyakazi ambao hawakuja Ijumaa hawatalipwa. Iache, maana yake ni kwamba wafanyakazi, ambao wote hawakuja Ijumaa, hawatalipwa hata mmoja. Mwandishi alikusudia watu wachache. Karatasi yake ikawahukumu wote. Nilipouliza, jibu likawa lile lile: watu wameelewa. Naam, walielewa, kwa kuwa kila mmoja aliijua Ijumaa ile. Lakini maandishi hayaandikwi kwa ajili ya wenye kulijua jambo tu. Tia karatasi hiyo katika faili, ipite miaka mitatu, aje mwengine kuisoma katika shauri la madai. Huyo hana Ijumaa ya kukumbuka. Ana mikato miwili tu.

Msomaji asidhani natia chumvi. Huko Kanada, kampuni mbili, Rogers na Aliant, ziliandikiana mkataba juu ya nguzo za kupitishia nyaya. Mkataba ulisema utadumu miaka 5, na baada ya hapo vipindi vyengine vya miaka 5, isipokuwa upande mmoja ukitoa taarifa ya mwaka mmoja ya kuuvunja. Kabla ya neno "isipokuwa" palitiwa mkato. Aliant ikasema: kwa mkato huo, ruhusa ya kuvunja inarudi hadi kwenye ile miaka 5 ya mwanzo. Rogers ikasema: hapana, inahusu vipindi vya baadaye tu. Mwaka 2006 tume inayosimamia mawasiliano nchini humo iliufuata mkato, na Rogers ikashindwa. Mwaka 2007 uamuzi ukageuzwa. Ukageuzwa na nini? Na nakala ya Kifaransa ya mkataba huo, ambayo haikuwa na utata ule. Lugha ya pili ilisema wazi lile ambalo ya kwanza ilikuwa imelifumba.

Tena huko Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria iliziorodhesha kazi zisizostahili malipo hayo, na orodha ikamalizia kwa kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Je, kusambaza ni kazi ya peke yake, au ni sababu ya pili ya kufungasha? Kabla ya "au" hapakuwa na mkato. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilisema sheria hiyo ina utata, na utata huo ukaamuliwa kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Watunga sheria nao wakaiandika upya orodha, wakatenganisha kazi zake kwa nuktamkato. Walioeleweka hawarudi kuandika upya.

Wapo watakaosema: Kiingereza si chetu, tukikivunja hatumvunjii mtu kombe. Hoja hii huvaa kanzu ya uzalendo, lakini ndani yake mna uvivu. Anayeumia kwa tangazo baya si Kiingereza, wala si Muingereza. Ni mpangaji wa Mji Mkongwe aliyetia saini asichokielewa. Ni kijana wa Lamu aliyekosa kazi kwa sababu barua yake ilikuwa sentensi tano zilizofungwa pamoja kwa mikato mitupu. Ni mvuvi aliyeandika ubaoni Samaki "fresh", asijue kwamba alama hizo za mtajo, kwa jicho la mgeni, humaanisha samaki anaoitwa wabichi na mwenye kuwaita hivyo hasadiki. Ukiazima chombo cha jirani hukitumii ovyo kwa kuwa si chako. Huko ndiko kuazima kwenye adabu.

Na wapo, hasa miongoni mwetu wapenzi wa mashairi, watakaonikumbusha kwamba James Joyce alimaliza *Ulysses*, mwaka 1922, kwa sura ndefu takriban isiyo na alama, na kwamba malenga wetu waliotunga kwa hati za Kiarabu hawakujua mkato wa Kizungu. Yote ni kweli. Lakini utenzi hauhitaji mkato kwa kuwa kina chake ndicho kituo chake, na mizani humwambia msomaji mahali kipande kinapokwisha. Barua ya ofisi haina kina wala mizani. Ukiinyima na alama, umeiacha bila ya nguzo. Ama Joyce, aliivunja sheria baada ya kuimiliki. Si sawa na mtu kubomoa ukuta ambao hajauona.

Tena mshairi ndiye anayepaswa kulijua jambo hili mbele ya wote. Anapoandika 'mefika badala ya amefika ili mizani itimie, hutia ritifaa mahali pa irabu iliyoondoka, ili msomaji ajue pana kilichozikwa. Basi ameshaifahamu nusu ya ritifaa ya Kiingereza: "it's" ni "it is" iliyopoteza irabu, na "its" haikupoteza kitu, ndiyo maana haina alama. Kosa hili, linalojaa katika barua za wasomi wenye shahada, lingekwisha kwa siku moja laiti wangesoma mashairi.

Sitaki tuwe askari wa kukamata mikato barabarani. Wenyewe Waingereza na Wamarekani wanabishana kama mkato utiwe kabla ya "and" ya mwisho au usitiwe. Ubishi huo tuwaachie wao. Nataka jambo moja tu, nalo ni la kazi. Kila anayeandika Kiingereza kitakachomfunga mtu mwengine, akifasiri kwanza kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Kiswahili kitamuuliza: wafanyakazi wote, au wale tu wasiokuja? Kufungasha na kusambaza, au kufungasha ili kusambaza? Akiweza kufasiri kwa namna mbili, sentensi yake ni mbovu. Airudie kabla haijatoka ofisini. Na tafsiri hiyo asiitupe. Aibandike ukutani kando ya Kiingereza, maana Rogers waliokolewa na nakala ya lugha ya pili, na sisi lugha ya pili tunayo mdomoni.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini hoteli, mashirika na waajiri wengi bado huandika kwa Kiingereza, na mtu mdogo bado hufungwa kwa sentensi asizozitunga. Aliyeshika kalamu ameshika amana ya watu. Akisema "nimeeleweka", aulizwe: na nani, na mpaka lini?